Sentimita 30

Mkato umetandazwa mezani, pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya chai. Ni jengo la ofisi la ghorofa 9, limechorwa kana kwamba limepasuliwa kwa kisu kutoka paa hadi msingi. Kwenye ghorofa ya 4 mtu amezungushia duara la kalamu nyekundu, na ndani yake ameandika namba moja: 30.

Hesabu yake haihitaji digrii. Kutoka sakafu moja hadi inayofuata ni sentimita 360. Boriti pamoja na zege la sakafu iliyo juu yake vinakula 60. Dakti ya kiyoyozi, ule mfereji wa bati unaopitisha hewa baridi, pamoja na gamba lake la kuzuia joto, 40. Bomba la maji taka na mwinamo wake, taa, fremu ya dari, 20. Zinabaki 240. Mteja ameahidiwa dari ya 270.

Waliokaa kuizunguka meza ni watano, wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayosanifu na kujenga yenyewe. Msanifu majengo, mwenye mvi, ambaye ofisi nzima inamwita Mzee. Mhandisi wa miundo, mama wa makamo, anayeitwa Injinia. Mkadiriaji majenzi. Fundi, msimamizi wa saiti, aliyekaa karibu na mlango na kofia yake ngumu gotini. Na kijana wa mifumo ya hewa na maji, mwaka wake wa pili tangu atoke chuoni. Usiwatafute: mjadala nimeutunga. Ila maneno yao mengi nimeyasikia kwenye vyumba kama hiki, na mengine niliyasema mimi nikajutia.

Jinsi ya kuzipata sentimita 30 si swali gumu sana, utaona. Gumu ni kwamba zilipotea kwa miezi mitatu na hakuna aliyepiga kelele. Nani alipaswa kupiga?

MZEE: Nianze mimi, maana najua lawama inapoelekea. Timu ya ubunifu ina kiongozi mmoja, naye ni msanifu. Sijasema amesoma kuliko wenzake. Nasema yeye ndiye anayelibeba jengo zima kichwani. Injinia anaona nguzo na boriti, kijana anaona mabomba, mkadiriaji anaona shilingi. Mteja akiingia mlangoni haoni hata kimoja kati ya hivyo. Anaona mwanga, anaona pa kupita, anajua kama panapumua. Hayo nani ameyawaza? Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

INJINIA: Shikamoo mara ya pili, Mzee, maana sasa nakuja kukupinga.

MZEE: Marahaba. Pinga.

INJINIA: Nahodha simkatai. Lakini jahazi lina mtu wa kufua maji ngamani, na huyo akisema maji yamefika magotini, nahodha hamjibu kwa kumsifia tanga. Mkato huu tumeuona lini? Jumatatu iliyopita. Ramani za sakafu tunazo tangu miezi mitatu iliyopita. Nilipewa sakafu, nikapanga nguzo kila mita 8, nikapata boriti ya 60, nikatuma. Kijana alipewa sakafu ileile, akapitisha dakti zake. Kila mmoja kwenye karatasi yake alikuwa sahihi.

Hapa nitie neno. Ramani ya sakafu hutazamwa kutoka juu, kama ndege anavyouona mtaa. Dakti na boriti vikikutana, juu ya karatasi ni mistari miwili inayokatana, jambo la kawaida kama njia panda. Mkato ndio unaosema kama moja inapita juu ya nyingine au zimegongana uso kwa uso. Ofisi nyingi huuchora mwisho, kumpendezesha mteja, huku wameweka na mti pembeni na mtu aliyebeba mkoba.

MKADIRIAJI: Naomba tusifike kwenye miti kabla sijasema la hela. Suluhisho la haraka kila mtu analijua: inua kila ghorofa kwa 30. Mara 9 ni mita 2.7. Hicho ni kimo cha chumba kizima kisicho na mpangaji. Nguzo zinarefuka, kuta zinarefuka, ngazi zinaongezwa vidato, vioo vya nje vinaongezeka kuzunguka jengo lote. Na kibali cha ujenzi kimetaja urefu. Nitamwandikia mteja nini, kwamba tumeuza hewa?

FUNDI: Mimi nani kiongozi namjua kwa simu. Pampu imeshawashwa, gari la kwanza la zege limefika, la pili liko foleni Ubungo. Ramani ya msanifu inaonyesha tundu kwenye boriti, ya injinia haina. Nimpigie nani? Atakayepokea akasema "acha" au "ziba", nikamwandika jina kwenye daftari la siku, huyo ndiye kiongozi wangu. Wengine naona ni wageni waalikwa.

MZEE: Na ukinipigia mimi sipokei?

FUNDI: Unapokea, Mzee. Unasema "ngoja nimuulize Injinia." Injinia anasema "ngoja nimuulize wa mabomba." Zege halingoji.

INJINIA: Niwaambie kitu. Kazi yangu ya kwanza, ofisi nyingine kabisa, sitaitaja. Nafika saiti asubuhi, namkuta fundi bomba na nyundo na tindo, anatoboa boriti. Bomba la inchi 4, maji taka ya choo cha juu. Ametoboa sentimita 40 tu kutoka kwenye nguzo, na ringi tatu, zile nondo za kuizungushia boriti, ameshazikata kwa grainda. Sasa, boriti karibu na nguzo ndipo inapotaka kukatika kwa mshazari. Ringi zinasogezwa karibukaribu pale kwa kazi hiyo tu. Tundu hilohilo angelipitisha katikati ya boriti, likapangwa kabla ya nondo kusukwa, lisingekuwa na neno. Nikamuuliza kwa ukali, nani kakuruhusu? Akakunjua ramani yake. Bomba limechorwa palepale, na mhuri upo. Nikakunjua yangu. Boriti nzima, haina tundu, na mhuri upo. Tulisimamisha kazi, tukaweka mirunda kuanzia chini, tukaivalisha boriti koti jipya la zege na nondo. Yule fundi alifukuzwa. Mpaka leo naona alionewa.

MKADIRIAJI: Mhuri unasema "nimeangalia yangu."

INJINIA: Hausemi "nimeangalia ya jirani." Kuna kisa wahandisi tunafundishwa mapema. Kansas City, Marekani, hoteli ya Hyatt Regency, 17 Julai 1981. Ndani ya ukumbi mkubwa palikuwa na madaraja ya kupitia watu, yamening'inizwa kwa fito za chuma kutoka juu. La ghorofa ya pili liko chini ya la ghorofa ya nne. Mchoro wa mwanzo ulitaka ufito mmoja mrefu upenye daraja la nne ushuke hadi la pili. Watengenezaji wa chuma wakaona taabu, maana ufito wote ungetakiwa kuwa na hesi ili nati ipande hadi mahali pake. Wakapendekeza fito mbili: mmoja kutoka juu hadi daraja la nne, mwingine kutoka daraja la nne hadi la pili. Kwa macho hakuna tofauti.

FUNDI: Hata mimi ningekubali.

INJINIA: Wengi wangekubali. Fundi, funga ndoo mbili kwenye kamba moja ya kisima, kila ndoo na fundo lake. Kisha ifungue ya chini, uining'inize kwenye ndoo ya juu. Kamba inabeba uzito uleule. Lakini fundo la ndoo ya juu?

FUNDI: Sasa linabeba mbili.

INJINIA: Ndivyo. Kiungo cha daraja la nne kikabeba maradufu, na hata mchoro wa mwanzo haukufikia kiwango cha kanuni za ujenzi za mji ule. Jioni ile ukumbini kulikuwa na dansi. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 wakaumia. Uchunguzi ulipofanyika, ikaonekana watengenezaji waliamini wahandisi wameshakikokotoa kile kiungo, na wahandisi waliamini kukokotoa viungo ni kazi ya watengenezaji. Michoro ya mabadiliko ilipita mezani kwa wahandisi, ikapigwa mhuri. Waliowajibika walinyang'anywa leseni.

MZEE: Basi umenisaidia. Palikosekana jicho moja la kuona vyote.

INJINIA: Hapana, Mzee. Mwenye cheo alikuwepo na alisaini. Kilichokosa mwenyewe ni ile nafasi kati ya watu wawili. Yangu naijua, yako unaijua, hiyo ya katikati kila mtu anadhani ni shamba la mwenzake.

Mkadiriaji naye ana kisa chake cha ng'ambo, na hukisimulia katika kila kikao: jumba la opera la Sydney, lililokadiriwa dola milioni 7 za Australia na kumalizika kwa milioni 102. Nitakifupisha. Jørn Utzon alishinda shindano mwaka 1957. Serikali ikaharakisha ujenzi ukaanza 1959, kabla hesabu za yale mapaa hazijapatikana. Umbo lake la kijiometri lilieleweka 1961. Nguzo za chini zilizotangulia kujengwa zikawa haziwezi kulibeba paa, ikabidi zijengwe upya. Mwaka 1966 Utzon aliondoka, na jumba likafunguliwa 1973 pasipo yeye. Mkadiriaji anasema hayo ndiyo malipo ya kumfuata msanifu. Mzee anasema hayo ndiyo malipo ya kumwaga zege kabla ya kuchora. Katika hili niko na Mzee, ingawa sidhani kama kinamsaidia.

MKADIRIAJI: Tuseme na letu. Kampuni inayosanifu na kujenga ina ugonjwa wake. Kwa kuwa mjenzi ni ndugu yetu, tunajiambia "itarekebishwa saiti". Ofisi inayosanifu tu hairuhusiwi uzembe huo, mkandarasi atawadai nyongeza kesho yake. Sisi tunajidai wenyewe kwa wenyewe, hasara inajificha.

FUNDI: Lakini leo niko mezani. Kwingine nilikofanya kazi ramani zilikuja kwa pikipiki.

MZEE: Mnazungumza kana kwamba msanifu ni mtu wa kuchora maua. Nendeni Kariakoo mkaangalie lile soko alilosanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Ile miavuli ya zege juu: nguzo ndiyo paa, na paa ndilo linalokusanya maji ya mvua. Nguzo inabeba, inafunika, inakinga maji. Mama muuza nyanya hajui chochote kuhusu hayo, yeye anajua ana kivuli na hewa inapita. Mnaniambia hiyo ilitoka kwenye kamati?

INJINIA: Nakuambia huo ndio ushahidi wangu. Mwavuli ule ukiuchora kama msanifu peke yako, utaanguka. Mimi nikiuchora peke yangu, nitakuwekea nguzo mbili pembeni na bati juu. Na aliyewaza maji yateremke wapi, kama angeletwa mwishoni, leo tungekuwa na mabomba ya plastiki yamefungwa kwa waya nje ya zege. Pale mtu alikaa na wenzake mapema. Sijui kama alikuwa mpole au mkali, najua alikaa nao.

MZEE: Huo ndio uongozi ninaousema.

INJINIA: Basi tunabishania mwezi gani watu waitwe, hatubishanii cheo.

Kwa dakika chache hakuna aliyesema. Feni inazunguka, vikombe vinashika mkato. Mimi niliyekuwa nikiandika nikagundua kwamba sauti ya tano haijasikika hata mara moja. Kijana alikuwa anachora kitu kwenye kipande cha karatasi, anakifunika kwa kiganja. Mzee naye aligundua.

MZEE: Kijana, wewe je? Dakti ni zako.

KIJANA: Mimi... nashukuru, Mzee. Hizi 30 niliziona mwezi wa pili.

MKADIRIAJI: Mwezi wa pili wa kazi hii?

KIJANA: Ndiyo. Niliweka mifumo yote pamoja kwenye kompyuta, modeli ikaonyesha dakti imeingia ndani ya boriti. Nikaandika barua pepe. Mstari wa mwisho nikasema, tafadhali tuangalie kimo cha dari kwa pamoja. Mzee ulinijibu, "Asante kijana, tutaangalia."

MZEE: Nilijibu hivyo?

KIJANA: Ndiyo, Mzee.

FUNDI: Mbona hukurudia?

KIJANA: Ningerudiaje? Mzee ameshasema tutaangalia. Kumwandikia mara ya pili ni kama kumwambia hukuangalia.

Msomaji aliyelelewa huku atamwelewa kijana bila maelezo. Tunafundishwa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, na mtoto akiona kosa hulipitisha kwa shangazi au kwa utani. Ni malezi mazuri, siyabezi. Tatizo ni kwamba ofisi haina shangazi. Programu ya kompyuta iliona mgongano, kijana akauona, barua ikaandikwa, na zile sentimita zikazama ndani ya neno "asante".

MZEE: Kwa hiyo nimtukane nani, yeye au mimi?

INJINIA: Usimtukane mtu. Badilisha mpangilio wa kuongea. Kikao kianze na mdogo kuliko wote. Akishasema Mzee, nani atafungua mdomo? Leo umeanza wewe, Mzee, na kijana amesubiri mpaka chai imepoa.

MZEE: Mtoto aanze kabla ya mkubwa? Kwetu hapo mgeni atasema nyumba haina mwenyewe.

FUNDI: Kwetu saiti naanza na kijana wa nondo, Mzee. Kabla ya kumwaga zege simuulizi mtu mwingine. Namwambia, wewe umelala juu ya hizi nondo siku nne, niambie kilichokukera. Haoni ni dharau kwa wakubwa, maana nimemuuliza. Angejisemea bila kuulizwa ingekuwa neno jingine.

Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa mezani pale, na imetoka kwa asiye na mhuri. Heshima haivunjwi na kijana kusema, inavunjwa na kijana kujitokeza. Anayeongoza kazi yake ni kuuliza kwa jina, kwa zamu, na mapema, hata kama anajiona anajua jibu.

MKADIRIAJI: Na nani atamlipa kwa kuuliza? Msinicheke. Kwenye mgawanyo wa ada kuna mstari wa usanifu, wa miundo, wa mifumo, wa ukadiriaji. Kuoanisha kazi hizo hakuna mstari wake. Kumezamishwa ndani ya ada ya msanifu kama chumvi kwenye mchuzi. Mteja akiomba punguzo, cha kwanza kuondoka ni saa za kukaa pamoja. Zaidi ya hapo, mimi na Mzee tuko chini ya bodi moja ya usajili, Injinia ana bodi yake, Fundi na ukandarasi wa kampuni wana yao. Kila bodi inamwadhibu mtu wake kwa kosa lake. Sijawahi kuona mtu anaitwa bodi kwa kosa la katikati.

KIJANA: Naomba niongeze moja, kama nimeruhusiwa.

MZEE: Umeruhusiwa tangu asubuhi.

KIJANA: Kama ningekuwepo kabla ya sakafu kuchorwa, ningeuliza kama tunahitaji dakti kubwa hivi. Harare kuna jengo la Eastgate, la mwaka 1996. Mick Pearce alilisanifu pamoja na wahandisi wa Arup. Usiku hewa ya ubaridi inavutwa ipite kwenye nafasi zilizo ndani ya sakafu za zege, zege linapoa, mchana linaipoza hewa inayoingia ofisini. Hawakuweka mtambo wa kiyoyozi kama wetu.

INJINIA: Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake una ubaridi wa kukopa. Hapa Februari saa nane za usiku ukigusa zege bado lina joto la mchana, na hewa imejaa unyevu. Hutapata cha kukopa.

KIJANA: Najua, mama, siombi tuige. Nasema pale mtu wa hewa aliulizwa kabla umbo halijaamuliwa. Mimi niliulizwa dakti ipite wapi.

Akaondoa kiganja kwenye kile kipande cha karatasi. Alikuwa amechora korido. Dakti kuu, wazo lake, isivuke boriti kokote isipokuwa juu ya korido tu, na dari ya pale ishuke hadi 240, kwa kuwa koridoni mtu anapita, hakai. Matawi ya kuingia vyumbani yapande katikati ya boriti na boriti, mle ambamo juu yake kuna zege jembamba la sakafu tu na nafasi ipo ya kutosha. Vyumba vibaki na 270. Vyoo vipangwe kimoja juu ya kingine ili maji taka yashuke wima.

Injinia akavuta karatasi. Akahesabu kwa kidole. Matundu mawili kila ghorofa, alisema, katikati ya boriti, bomba dogo tu, na nitazungushia ringi za ziada; lakini mikono ya plastiki, ile ya kuliachia bomba tundu, iwekwe kabla ya zege, nikiona tindo nitalia. Mkadiriaji akauliza mlango wa korido utabaki na kimo gani. Fundi akauliza nani atachora. Yote haya yalichukua dakika 20, Mzee akiwa kimya, ametazama dirishani.

MZEE: Vyoo kimoja juu ya kingine, ghorofa ya 6 kinaingia kwenye ukumbi wa mikutano.

KIJANA: Ndiyo, Mzee. Hapo sijapata jibu.

MZEE: Lete kalamu. Ukumbi unaweza kugeuka. Ukigeuka, madirisha yake yanatazama bahari, kitu ambacho nilikitaka tangu mwanzo, na Mkadiriaji akaniambia ni ghali.

MKADIRIAJI: Bado ni ghali.

INJINIA: Mzee, kiti chako hatukigusi. Ninachoomba, kazi ijayo ramani ya sakafu isitoke humu ndani bila mkato wake, na mkato uwe na mtu mmoja anayeulinda, saa zake zimeandikwa kwenye ada. Awe msanifu, awe mimi, awe huyu.

MZEE: Mkato sikatai. Ila mlinzi wa mkato akianza kuniambia jengo lifanane na nini, tutarudi kwenye meza hii.

INJINIA: Tutarudi.

FUNDI: Samahani wakubwa. Alhamisi namwaga zege la ghorofa ya 2. Mikono ya plastiki ikiwa haipo kwenye ramani, nampigia nani?

MZEE: Nipigie mimi.

FUNDI: Na wewe utampigia nani?

Mzee akaelekeza kalamu upande wa kijana. Fundi akafungua daftari lake, akamwomba namba ya simu. Miezi mitatu kwenye kazi moja, hakuwa nayo.